Kelele Kwenye Saketi ya Mapigo ya Moyo: Tafuta Inakoingilia Kabla ya Kuichuja

Umeunganisha saketi yako ya ECG, yaani ya kurekodi umeme wa moyo, umebandika elektrodi tatu kifuani, umefungua grafu kwenye kompyuta, na badala ya vilele vyembamba vinavyofuatana kwa mpigo wa moyo unaona mkanda mnene wa mawimbi umejaza skrini kutoka juu hadi chini. Moyo umo humo ndani, umefunikwa tu. Karibu kila anayejenga saketi hii hupokewa na mkanda huo siku ya kwanza, na wengi hukimbilia dawa moja: kichujio. Kisipotosha wanaongeza cha pili, kisha cha tatu, mpaka kilele chenyewe cha moyo kinabaki kilima butu.

Nami nilipita njia hiyo. Saketi yangu ya kwanza niliijenga kwa chipu ya AD620 na betri mbili za volti 9, nikakesha siku mbili nikibadilisha vichujio vya Hz 50. Kumbe kosa lilikuwa kwenye waya wa elektrodi ya tatu, ule unaobandikwa chini ya mbavu upande wa kulia. Shaba yake ilikuwa imekatika ndani ya ganda, inagusana na kuachana kila nilipovuta pumzi. Nikiushika karibu na plagi, grafu inatulia, nikiuachia, inachafuka. Siku mbili nzima nilikuwa napiga deki huku bomba linavuja.

Tangu hapo nafuata utaratibu mmoja. Naanzia kwenye grafu, narudi nyuma kidogo kidogo kuelekea ngozi, kisha nakagua namba zinavyochukuliwa, na sigusi kichujio mpaka nijue kelele inaingilia wapi.

Kwanza, maisha yako

Hapa hakuna mjadala. Saketi inayogusa mwili kwa elektrodi zenye jeli haiunganishwi na chochote kilichochomekwa ukutani. Tumia betri. Kompyuta ikiwa mpakato, ichomoe chaja kabla ya kuvaa elektrodi. Kama ni ya mezani, tumia kitenganishi cha USB kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, au tuma data kwa Bluetooth. Osiloskopu ya mezani ina graundi iliyoungana na ardhi ya nyumba, kwa hiyo itumie saketi ikiwa kwenye mwili wa bandia (nitaueleza mbele), kamwe isiwe kwenye mwili wa mtu.

Jeli inaondoa kinga ya ngozi kavu, ndiyo maana viwango vya vifaa vya hospitali ni vikali. IEC 60601-1 inaruhusu, katika hali ya kawaida, mkondo wa kuvuja kwa mgonjwa usiozidi mikroampea 100 kwa vifaa vya aina ya BF, vinavyogusa mwili lakini si moyo wenyewe, na 10 tu kwa vile vya aina ya CF vinavyohusu moyo moja kwa moja. Hesabu ya kujilinda ni nyepesi: kwa saketi ya volti 3.3, rezista ya kiloomu 330 kwenye kila waya unaokwenda mwilini inazuia mkondo usizidi mikroampea 10 hata chipu ikiungua na kumwaga volti zote kwenye waya huo.

Wapo wanaoziondoa rezista hizi wakidhani ndizo zinazoleta kelele. Rezista ya kiloomu 330, katika upana wa Hz 40, inazaa kelele ya joto isiyofika hata mikrovolti 0.5. Kilele cha moyo kwenye ngozi ni kama mikrovolti 1000. Ziache mahali pake.

Na jambo la mwisho kabla ya kushika mita: kifaa hiki ni cha kujifunzia. Usikitumie kupima ugonjwa, wala usimfungie mtu mwenye betri ya moyo (pacemaker).

Hatua ya 1: Isome kelele kwa macho

Kabla ya kubadilisha chochote, rekodi sekunde kumi na uikuze grafu. Hesabu vilele ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Vikiwa 5, ni Hz 50, yaani umeme wa gridi katika nchi nyingi za Afrika, Ulaya na Asia. Vikiwa 6, ni Hz 60, kama ilivyo Marekani. Mvumo huu laini na wa kudumu unatokana na nyaya za ukutani, na mara nyingi unaingilia mwilini au kwenye waya za elektrodi.

Ukihesabu 10 au 12, yaani mara mbili ya gridi, shaka yako iende kwenye chanzo cha nguvu. Adapta inayobadilisha umeme wa gridi kuwa wa DC huacha mabaki ya Hz 100 au 120, na taa za mrija nazo humeta kwa kasi hiyohiyo. Kama kweli uko kwenye betri na bado unaona Hz 100, kuna taa au adapta karibu mno na saketi.

Mstari unaopanda na kushuka polepole, kama mashua kwenye maji, mara moja kila sekunde tatu au nne, ni pumzi yako ikisogeza elektrodi. Nywele zilizosimama ovyo ovyo, zisizo na mpangilio, zinazozidi unapokaza mkono na kupotea unapoulegeza, ni umeme wa misuli. Miruko mikubwa ya ghafla inayogonga juu ya skrini na kurudi taratibu ni mguso mbovu: elektrodi inabanduka au waya umelegea. Na kuna ile tiki-tiki-tiki inayokuja kwa vipindi. Hiyo ni redio. Simu za GSM hurusha mawimbi kwa mafungu 217 kila sekunde, na ampilifaya nyeti huyageuza kuwa kelele unayoiona. Weka simu chumba kingine kabla hujatafuta mchawi.

Umbo peke yake halitoshi kumshika mwizi, lakini linakuambia uanzie mlango upi.

Hatua ya 2: Funga waya zote tatu pamoja

Vua elektrodi. Shika ncha tatu za waya, ya kulia, ya kushoto na ile ya tatu iitwayo ya mguu wa kulia, ziunganishe kwa klipu moja ya chuma. Ampilifaya sasa inaona kitu kilekile kwenye pande zote mbili, tofauti ni sifuri, na kwa hiyo grafu inapaswa kuwa mstari ulionyooka.

Kwa chipu ya AD8232 kwenye bodi ndogo za kawaida, ambazo hukuza mawimbi mara 1100 hivi, milivolti 1 ya moyo inatoka ikiwa volti 1.1. Ukiisoma kwa kigeuzi cha volti kuwa namba (ADC) cha biti 10 chenye rejea ya volti 3.3, kila hatua moja ya namba ni milivolti 3.2, sawa na mikrovolti 3 hivi kwenye ngozi. Namba ikichezacheza hatua mbili au tatu, saketi yako ni safi. Ikicheza kwa hatua ishirini, thelathini, basi mwili hauhusiki kabisa, na elektrodi mpya hazitakusaidia. Tatizo liko kwenye meza yako.

Likiwa hapo, anza na nguvu. Benki ya umeme ya simu ina kibadilishaji ndani kinachowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde ili kupandisha volti, na mabaki yake yanapenya. Jaribu betri za kawaida za AA tatu, zipite kwenye kidhibiti cha volti cha aina ya mstari. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenye pini ya nguvu ya kila chipu, iwe karibu kiasi kwamba miguu yake inagusa mwili wa chipu, na moja ya mikrofaradi 10 pale nguvu inapoingia kwenye bodi. Kapasita iliyowekwa sentimita tano mbali haifanyi kazi uliyoitegemea.

Ukitumia maikrokontrola ya ESP32, zima Wi-Fi wakati wa majaribio. Redio yake huvuta mkondo kwa mafungu ya mamia ya miliampea, na kila fungu linaitikisa reli ya volti 3.3 ambayo ampilifaya yako nayo inaitegemea. Suluhisho la kudumu ni kuipa ampilifaya kidhibiti chake peke yake.

Halafu kuna bredibodi. Ni nzuri kwa kujifunza na mbaya kwa milivolti. Mashimo yaliyochakaa hushika waya kwa kusitasita, na waya ndefu za jampa zinazopinda juu ya bodi ni antena. Kata waya fupi, zilale chini kwenye bodi, na kila ukimaliza kubadilisha kitu, gonga bodi kwa kidole huku ukitazama grafu. Ikiruka, kuna mguso mbovu. Saketi ileile ukiilehemu kwenye bodi yenye matundu, mara nyingi kelele hushuka bila kubadilisha hata rezista moja.

Hatua ya 3: Chunguza volti ya katikati

Hapa ndipo nakuta makosa mengi kwa watu waliojijengea wenyewe kwa AD620, INA128 au INA333, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Saketi ya betri moja inahitaji volti ya katikati, nusu ya nguvu yote, ili mawimbi ya moyo yapate nafasi ya kupanda na kushuka. Njia rahisi ni rezista mbili za kiloomu 10 zinazogawa volti, na katikati yake unaunganisha na pini ya REF ya ampilifaya. Mchoro unaonekana mzuri. Kwa vitendo umeua sifa kuu ya chipu uliyoinunua kwa sababu hiyo.

Ampilifaya ya aina hii ina kazi mbili: kukuza tofauti kati ya mkono wa kulia na wa kushoto, na kutupa kile ambacho pande zote mbili wanacho kwa pamoja. Mvumo wa gridi upo mwili mzima, kwa hiyo ni wa pamoja, na unapaswa kutupwa. Utupaji huo unategemea rezista za ndani ya chipu zilizopimwa kwa usahihi mkubwa, na pini ya REF ni mwisho wa mojawapo. Ukiiongezea upinzani kutoka nje, mizani inavurugika. Datashiti ya INA128 inasema waziwazi kwamba omu 8 tu mfululizo na pini hiyo, chipu ikiwa na ukuzaji wa 1, zinaweza kuushusha uwezo wa kutupa mpaka desibeli 80 hivi. Kigawanyo chako cha kiloomu 10 mbili kinaiwekea omu 5000.

Dawa yake ni opampu moja, chipu ndogo ya ampilifaya ya kawaida. Pitisha volti ya kigawanyo kwenye opampu iliyofungwa kama mfuasi, yaani tokeo limerudishwa kwenye ingizo hasi, na tokeo hilo ndilo liende REF. Sambamba na rezista ya chini ya kigawanyo weka mikrofaradi 10 ili volti yenyewe isitikisike. Opampu za familia ya TL07x na TL08x hazifurahii nguvu ndogo ya volti 5, kwa hiyo tafuta moja iliyotengenezwa kwa volti ndogo. Chipu ya AD8232 ina mfuasi huyo ndani tayari, ndiyo maana bodi zake huwasumbua watu kidogo zaidi.

Ukiwa hapo, angalia na ukuzaji wa hatua ya kwanza. Elektrodi mbili za fedha na kloridi ya fedha hazizai volti sawa kabisa. Tofauti yao ya DC inaweza kufika milivolti 300, mara mia tatu ya moyo. Ukiikuza mara 100 moja kwa moja unahitaji volti 30, na huna. Ampilifaya inagonga ukuta, grafu inakuwa mstari mfu juu au chini. Kuza mara 5 hadi 10 kwanza, ondoa DC kwa kichujio cha mikrofaradi 1 na kiloomu 330, kinachokata chini ya Hz 0.5 hivi, ndipo ukuze tena.

Wengine huona njia ya mkato: waweke kapasita kwenye waya mbili za kuingilia, kabla ya ampilifaya. Kapasita mbili za thamani moja hazilingani kamwe, na kutolingana huko kunaugeuza mvumo wa pamoja kuwa tofauti. Usifanye hivyo mpaka uwe umebobea.

Hatua ya 4: Mwili wa bandia

Mstari ukinyooka katika hatua ya 2, tengeneza mwili wa rezista. Chukua rezista tatu za kiloomu 10, unganisha ncha zake moja moja mahali pamoja kama nyota, na ncha tatu zilizobaki zifungie klipu za elektrodi. Ampilifaya inadhani imevaliwa na mtu ambaye moyo wake haudundi. Rekodi.

Sasa ng'oa rezista ya mkono wa kushoto, weka ya kiloomu 47. Usibadilishe kingine chochote. Rekodi tena na linganisha.

Mara nyingi mvumo wa Hz 50 utaruka juu. Waya za elektrodi zinanyonya mkondo mdogo sana kutoka kwenye uwanja wa umeme wa chumba, tuseme nanoampea 10 kila mmoja. Miguso yote ikilingana, pande zote zinapanda sawa na ampilifaya inatupa. Kukiwa na tofauti ya kiloomu 37 kati yake, kama hapa, nanoampea 10 zinageuka mikrovolti 370 za tofauti halisi, na ampilifaya haina namna ya kujua kwamba hizo si za moyo. Inazikuza kwa uaminifu. Hakuna chipu, hata ya bei gani, inayoponya jambo hilo, kwa sababu kosa limefanyika kabla ya kuifikia.

Jaribio hili la dakika tano limenifundisha kuliko michoro yote niliyowahi kunakili. Ukishaliona kwa macho yako utaanza kuitazama ngozi kama sehemu ya saketi.

Wakati mwili wa bandia ungali umefungwa, shughulikia waya. Zisokote tatu pamoja kutoka kwenye plagi mpaka karibu na kifua, ili zisitengeneze kitanzi kikubwa kinachokamata uwanja wa sumaku wa transfoma na nyaya za ukutani. Zifupishe kadiri inavyowezekana. Kama zina ngao ya waya iliyosukwa, ngao hiyo iunganishwe na graundi ya saketi upande mmoja tu, upande wa bodi, na isiguse mwili wala ardhi ya nyumba. Sogeza saketi mita moja kutoka kwenye soketi na adapta. Na pima kila waya kwa mita kutoka ncha hadi ncha, huku ukiupindapinda. Unakumbuka siku zangu mbili.

Hatua ya 5: Ngozi

Willem Einthoven, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake ya kurekodi umeme wa moyo, aliwakalisha watu mikono na mguu vikiwa vimetumbukizwa kwenye mitungi ya maji ya chumvi. Hakuwa na ampilifaya ya kumsaidia, kwa hiyo ilimbidi apate mguso mkubwa na mlaini kuliko yeyote. Elektrodi ya kubandika yenye jeli ni ule mtungi uliofanywa mdogo.

Osha sehemu tatu kwa maji na sabuni, futa mafuta yote ya kujipaka, kausha, kisha sugua kwa taulo kavu mara kumi hivi mpaka ngozi iwe nyekundu kidogo au ipate joto. Unaondoa seli zilizokufa, na ndizo zenye upinzani mkubwa. Nywele nyingi zinyolewe. Bandika, kisha subiri dakika mbili tatu jeli ipenye. Wengi hukosea hapa kwa haraka: wanabandika, wanaona mvumo, wanabandua, wanabandika tena, na kila mara jeli inapungua nguvu. Elektrodi iliyobanduliwa mara moja si elektrodi tena. Pakiti iliyoachwa wazi wiki kadhaa nayo huwa imekauka, hata kama gundi bado inashika.

Zote tatu ziwe za aina moja na za pakiti moja. Ukichanganya, volti zao za DC na upinzani wao vitatofautiana, nawe umeshaona kwenye mwili wa bandia tofauti inafanya nini.

Kwa mahali, kifuani chini ya mtulinga (mfupa wa mbele unaotoka shingoni hadi begani) kulia, chini ya mtulinga kushoto, na ya tatu chini ya mbavu upande wa kulia. Vifundo vya mikono vinafaa pia, ila waya zinakuwa ndefu na misuli ya mikono inaingilia. Umeme wa misuli unaanzia kwenye Hz 20 hivi na kupanda hadi mamia, na sehemu ya chini ya upana huo inaingiliana na kilele cha moyo, kwa hiyo kichujio hakiwezi kuvitenganisha vizuri. Keti uegemee, mikono mapajani, mabega yashuke. Chumba kikiwa na baridi, jifunike. Mwili unaotetemeka hauna dawa ya kielektroniki.

Hatua ya 6: Waya wa mguu wa kulia

Elektrodi ya tatu huitwa ya mguu wa kulia hata ikibandikwa tumboni, na wanaoanza huidharau kwa sababu haipimi kitu. Yenyewe inafanya kazi ya kusukuma. Saketi inachukua ile volti ya pamoja iliyo kwenye mikono yote miwili, inaigeuza kichwa chini, inaikuza, kisha inairudisha mwilini kupitia rezista ya ulinzi. Mvumo ukipanda, waya huu unaushusha. Mwili wako ndani ya chumba chenye umeme unaweza kubeba volti nzima au zaidi ya mvumo, na msukumo huu huipunguza mara nyingi sana kabla hata ampilifaya haijaanza kutupa.

Ijaribu hivi: ukiwa umevaa elektrodi zote, gusa kwa kidole cha mkono mwingine chuma cha klipu ya elektrodi ya tatu. Mvumo ukipungua ghafla, mguso wa elektrodi hiyo ni mbovu, kwa sababu kidole chako kimeongeza njia ya pili. Usipobadilika, mguso ni mzima.

Kama umeijenga mwenyewe na saketi inapiga mluzi wa kasi usio wa gridi, mzunguko huo wa kurudisha ndio unaojiyumbisha. Weka kapasita ya nanofaradi chache kati ya tokeo na ingizo hasi la opampu yake, uipunguze kasi.

Kuna mtego mmoja wa kisaikolojia. Siku moja utachomeka chaja ya kompyuta kwa bahati mbaya na kuona grafu imesafika badala ya kuchafuka. Chaja yenye pini ya ardhi inaishikilia graundi yako kwenye ardhi ya nyumba, na mvumo unashuka kweli. Ichomoe hata hivyo. Umesafisha grafu kwa kujifunga kwenye gridi.

Hatua ya 7: Namba zinavyochukuliwa

Wengi hawafiki kukagua hapa, wakati kosa lake halionekani kabisa kwenye bodi.

Unataka sampuli 250 kwa sekunde, kwa hiyo unaandika programu inayosoma, inatuma, inasubiri milisekunde 4. Lakini mawasiliano yako yamewekwa kwenye kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kila herufi inachukua biti 10, kwa hiyo zinapita herufi 960 kwa sekunde. Namba ya tarakimu nne na alama mbili za kumaliza mstari ni herufi sita. Gawanya: sampuli 160 kwa sekunde, hata uandike nini kwenye programu. Tena zisizo na nafasi sawa, kwa sababu namba za tarakimu tatu zinapita haraka kuliko za nne.

Madhara yake ni mabaya kuliko yanavyosikika. Gridi haina Hz 50 peke yake, ina pia wajukuu wake, yaani mawimbi ya mara mbili, mara tatu ya kasi hiyo na kuendelea, na Hz 150 ni mmoja wa wenye nguvu. Ukichukua sampuli 160 kwa sekunde, ile Hz 150 inajitokeza kwenye grafu ikiwa imevaa sura ya Hz 10, katikati kabisa ya mawimbi ya moyo. Hakuna programu itakayoitoa tena. Panda hadi kasi ya 115200, pima muda kwa saa ya ndani ya maikrokontrola badala ya kusubiri, na kabla ya pini ya kigeuzi weka rezista ya kiloomu 39 na kapasita ya nanofaradi 100 kwenda graundi. Hiyo inaanza kukata Hz 41 hivi.

Hatua ya 8: Sasa chuja

Kilichobaki baada ya hapo kwa kawaida ni mvumo mdogo, mwembamba kuliko wimbi la P, kile kilima kidogo kinachotangulia kilele kikubwa cha kila pigo. Huo una haki ya kuchujwa.

Kichujio cha T mbili cha kukata Hz 50, chenye rezista za kiloomu 31.8 na kapasita za nanofaradi 100, ni kizuri kwenye karatasi. Kwa vipuri vya asilimia 5 shimo lake huangukia Hz 48 au 53 na kuiacha Hz 50 ipite ikicheka. Nafanya kwenye programu, kwa njia ya kivivu ambayo sijaona sababu ya kuiacha: wastani wa sampuli zinazojaza mzunguko mmoja kamili wa gridi. Mzunguko wa Hz 50 ni milisekunde 20. Kwa sampuli 250 kwa sekunde, hizo ni sampuli 5. Jumlisha tano za mwisho, gawanya kwa 5, basi. Nusu ya juu ya wimbi inafuta nusu ya chini, na Hz 100 inakwenda nayo bila malipo. Kwa gridi ya Hz 60, chukua sampuli 240 kwa sekunde na wastani wa 4. Haya yote yanasimama juu ya hatua ya 7: nafasi kati ya sampuli zikicheza, ufutaji hautimii.

Gharama yake ni kwamba wastani huo unaanza kupunguza nguvu ya mawimbi kuanzia Hz 22 hivi, kwa hiyo kilele cha R, kile kirefu cha kila pigo, kitakuwa kifupi kidogo. Kwa kuhesabu mapigo haidhuru. Kwa kutazama umbo la wimbi lenyewe, rekodi namba ghafi na uchuje nakala, ili siku ukitaka kubadilisha njia bado una ya asili.

Ukichagua kichujio kikali chenye shimo jembamba, kiangalie kabla ya kukiamini. Kipe mstari wa sifuri wenye sampuli moja tu iliyoruka juu, na tazama kinachotoka. Kikiendelea kuyumba kwa Hz 50 kwa sehemu kubwa ya sekunde baada ya mruko huo, kitafanya hivyohivyo baada ya kila kilele cha R, na vile viwimbi vidogo vitakavyofuata kila pigo vitakuwa vimetoka kwenye programu yako.